Kabla ya kumwomba muuguzi takwimu, sema utazifanyia nini

Ukifika zahanati ya kijijini siku za mwanzo wa mwezi, usishangae kumkuta muuguzi ameinamia madaftari huku kina mama wakisubiri kwenye benchi. Anafunga hesabu za mwezi uliopita. Vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, vimepewa namba: Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 8 cha uzazi wa mpango, namba 12 cha wodi ya wazazi, na si hivyo tu. Kila kimoja kinatakiwa kijumlishwe, mstari kwa mstari, na taarifa ifike wilayani ndani ya wiki ya kwanza ili iingizwe kwenye kompyuta.

Hiyo ni kazi inayojulikana, na wauguzi wengi niliofanya nao kazi hawana ugomvi nayo. Ugomvi wao ni ule ujumbe wa WhatsApp unaoingia saa nne asubuhi kliniki ikiwa imejaa: “Habari za kazi wapendwa. Tunaomba idadi ya wajawazito wenye umri chini ya miaka 20, kwa kila mwezi, kuanzia Januari hadi Juni. Itumwe kabla ya saa nane mchana. Ni muhimu sana.” Umuhimu wenyewe hausemwi. Hakuna anayeeleza ni uamuzi gani unaosubiri namba hiyo. Muuguzi anafungua tena Kitabu namba 6, anapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, anatuma. Baada ya hapo ni kimya. Wiki tatu baadaye anakuja mwombaji mwingine, wa mradi mwingine, anataka takwimu zile zile, ila yeye anataka wenye umri chini ya miaka 19.

Ninachosema leo ni hiki. Anayeomba takwimu kutoka kituo cha huduma anapaswa kutaja mambo matatu ndani ya ombi lenyewe: uamuzi utakaofanywa kwa takwimu hizo, mtu atakayeufanya, na kitakachobadilika kwa mgonjwa au kwa kituo. Akishindwa kuyataja, ombi lisubiri mpaka ayajue. Nasema hivi si kwa sababu nazichukia takwimu. Nafanya kazi ambayo bila namba haiendi, kuanzia joto la mwili hadi idadi ya chupa za damu zilizobaki kwenye jokofu.

Niwape mfano wa karatasi moja ambayo tangu ilipochorwa ilijua kazi yake. Mwaka 1972 madaktari wawili, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, walikuwa na tatizo ambalo wakunga wetu wanalijua vizuri. Mama yuko katika uchungu kwenye zahanati ya mbali. Mkunga yuko peke yake. Ni saa ngapi aamue kwamba huyu hatajifungulia hapa, apelekwe hospitali? Akimpeleka mapema mno, anamsumbua bure. Akichelewa, anaweza kumpoteza mama, mtoto, au wote wawili.

Walichukua grafu ya mwendo wa uchungu, ambayo leo tunaiita patografu, wakaichorea mistari miwili. Wa kwanza ni mstari wa tahadhari: mlango wa kizazi unatarajiwa kufunguka angalau sentimita moja kwa saa, na alama za mama zikianza kuangukia upande wa kulia wa mstari huo, mkunga wa zahanati anaandaa safari. Wa pili umechorwa saa nne mbele yake, nao unaitwa mstari wa hatua. Alama zikiufikia huo, hakuna tena kusubiri. Daktari anampima mama upya na kuamua la kufanya, iwe ni kumwongezea uchungu au kumpeleka chumba cha upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu patografu kwa zaidi ya wanawake 35,000 katika nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia na kuchapisha matokeo mwaka 1994, uchungu uliopitiliza ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4 ya wanaojifungua.

Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba kipimo cha sentimita moja kwa saa ni kikali mno kwa wanawake wengi wenye afya, na mwongozo mpya wa shirika hilo wa mwaka 2020 umeiondoa mistari ile miwili. Lakini tazama kilichowekwa badala yake: safu inayotaja kiwango cha kutia wasiwasi kwa kila kipimo, na chini kabisa nafasi ambapo mkunga anaandika tathmini yake na mpango wake. Mistari imeondoka, wazo limebaki. Namba inaandikwa ili mtu afanye kitu.

Karatasi hiyo hiyo inaweza kufa mikononi mwetu. Kila daktari aliyewahi kufanya usimamizi wa wodi za wazazi amekutana na patografu iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, yenye mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Kwa nini mkunga afanye hivyo? Kwa sababu mkaguzi anayekuja huuliza, “Imejazwa?” Hajiulizi alama zilipovuka mstari saa tisa usiku nani aliitwa, na alifika saa ngapi. Ukiuliza kama karatasi imejazwa utaletewa karatasi iliyojazwa, na mama aliyekaa saa ishirini katika uchungu hataonekana popote.

Hapa nyumbani tunao mfano mzuri wa ombi la takwimu lililokuwa na mstari wa hatua. Kati ya mwaka 2009 na 2010 Wizara ya Afya na washirika wake, zikiwamo kampuni za Novartis, Vodafone na IBM, ziliendesha jaribio la wiki 21 lililoitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Vituo vilivyohusika ni 129. Tatizo lilikuwa la kila siku. Mtoto analetwa na malaria, dawa mseto imekwisha, na wakati huo huo zahanati ya kata ya pili ina maboksi yanayosogelea tarehe ya kuharibika. Wilayani hakuna anayejua, kwa sababu taarifa ya dawa inakuja baada ya miezi.

Walichofanya ni kidogo sana. Kila Alhamisi mhudumu alipata ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, ukimuuliza kiasi alichonacho cha pakiti nne za dawa mseto, zinazotofautiana kwa uzito wa mgonjwa, na cha kwinini ya sindano. Basi. Akijibu kabla ya Ijumaa jioni, anawekewa salio la simu. Jumatatu muhtasari uko mikononi mwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye ana gari, ana mamlaka ya kusema “Toeni maboksi mawili huko mpeleke kule,” na sasa ana orodha ya nani anacho na nani hana.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini, kufikia wiki ya nane, upungufu ulikuwa umekwisha. Na wahudumu walijibu, wiki baada ya wiki, karibu wote. Watu tunaowalaumu kila siku kwa kuchelewesha taarifa walikuwa wakituma ndani ya siku moja na nusu! Nadhani salio la simu lilisaidia, ila siamini kwamba ndilo pekee. Ukiandika “sina” siku ya Ijumaa, halafu wiki inayofuata ukaona boksi linashushwa mlangoni, hutahitaji kukumbushwa kuandika tena.

Angalia vipande vilivyokaa pamoja pale. Swali lilikuwa moja, lenye majibu ambayo mhudumu angeweza kuyahesabu kwa kuinua macho kwenye rafu. Anayepokea jibu ndiye mwenye uwezo wa kuchukua hatua, na hatua yenyewe ilikuwa inajulikana kabla swali halijatumwa: hamisha dawa. Matokeo nayo yalipimwa kwa kitu kinachomgusa mgonjwa, yaani kama dawa ipo au haipo.

Haikuwa muujiza, na tusiifanye iwe. Mfumo ulipopelekwa nchi nzima kuanzia mwaka 2011, dawa ziliendelea kukosekana vituoni, kwa sababu sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa juu zaidi, kwenye fedha zilizochelewa na ununuzi uliochelewa. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kuhamisha boksi kutoka kata hadi kata. Hawezi kuhamisha boksi ambalo halijaingia nchini. Hapo ndipo unapoona kwamba swali lile lile, likimfikia mtu asiye na uwezo wa kutenda, linageuka kuwa malalamiko yaliyoandikwa kwa tarakimu.

Sasa twende hospitalini, ya serikali au ya binafsi, maana ugonjwa ni mmoja. Mkurugenzi anasema kwenye kikao cha Jumatatu, “Nataka takwimu za muda wa kusubiri.” Ofisa takwimu anaingia kazini. Wiki tatu anachambua, anatoa grafu za rangi, idara kwa idara, mwezi kwa mwezi, miaka miwili nyuma. Zinaonyeshwa ukutani. Wajumbe wanasema kazi nzuri. Mmoja anauliza kama inawezekana kuongeza mgawanyo wa wanaume na wanawake. Kikao kinahamia ajenda inayofuata na wagonjwa wanaendelea kusubiri kama kawaida.

Ofisa takwimu wa namna ninayemtaka angemshika mkurugenzi mlangoni na kumuuliza kwa heshima: “Mkuu, nikikuletea jibu kwamba wanasubiri nusu saa, utafanya nini? Nikikuletea kwamba wanasubiri saa tatu, utafanya nini?” Kama majibu ya maswali hayo mawili ni yale yale, namba haihitajiki. Kama yanatofautiana, tayari tumepata kitu cha kushika. Tuseme mkurugenzi anajibu kwamba anafikiria kumhamisha daktari mmoja kutoka zamu ya Alhamisi mchana kwenda Jumatatu asubuhi. Vizuri! Basi hatuhitaji miaka miwili nyuma wala idara zote. Tunahitaji Jumatatu na Alhamisi za wiki nne, wagonjwa wa nje tu, kila mgonjwa wa kumi aandikiwe saa aliyopokea namba na saa aliyoingia kwa daktari. Tunakubaliana kabla ya kuanza: ikiwa zaidi ya nusu ya waliopimwa Jumatatu wamesubiri zaidi ya saa mbili, na Alhamisi hawazidi nusu saa, daktari anahama. Wiki sita baada ya kuhama, tunapima tena kwa njia ile ile.

Na faida? Ziko namna mbili za kuihesabu, na zote ni halali. Hospitali ya binafsi itaangalia wagonjwa walioandikishwa kisha wakaondoka bila kuonwa, maana kila mmoja ni ada iliyotembea kwa miguu yake kwenda kwa jirani. Hospitali ya umma itaangalia wagonjwa hao hao kwa jicho jingine: mtoto mwenye homa aliyerudishwa nyumbani saa saba mchana kwa sababu mama alichoka kusubiri, akaletwa tena usiku akiwa na degedege. Mhasibu na daktari wa watoto wanaweza kukaa meza moja na kuitaka takwimu moja, kila mmoja kwa sababu yake. Wakati mwingine jibu litakuwa kwamba Jumatatu si mbaya kuliko Alhamisi, daktari abaki alipo. Hiyo nayo ni faida, kwa sababu mmeepuka kubadilisha ratiba za watu kwa hisia.

Kitu tusichokizoea ni kuhesabu gharama ya kuuliza. Takwimu zinaonekana za bure kwa anayeomba kwa sababu halipi yeye. Tuchukue fomu moja mpya, ndogo, ya dakika 15 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni dakika 390, yaani saa sita na nusu kwa mwezi katika zahanati moja. Halmashauri yenye vituo 40 itakuwa imetumia saa 260, ambazo ni zaidi ya siku 32 za kazi za mtu mmoja, kila mwezi, kwa fomu moja. Kama kungekuwa na utaratibu wa kumwandikia mwombaji hati ya madai, “Umetumia mwezi mzima na zaidi wa muuguzi, tafadhali eleza umepata nini,” naamini nusu ya maombi yangetoweka kabla ya mwisho wa mwaka. Tena muuguzi huyo katika zahanati nyingi ni mmoja au wawili. Saa zake zinakatwa kwa mjamzito ambaye angepimwa shinikizo la damu kwa utulivu, au kwa kijana ambaye angeelezwa vizuri namna ya kumeza dawa zake.

Gharama nyingine ni ukweli wenyewe. Mtu anayeombwa namba nyingi ambazo hazirudi kwake kamwe hujifunza haraka kwamba hakuna anayezisoma, na namba isiyosomwa inaweza kuandikwa yoyote. Mwezi huu ataiga mwezi uliopita na kuongeza wawili watatu. Ndiyo maana huwa natabasamu nikiona wilaya imeripoti uchanjaji wa zaidi ya asilimia 100. Watoto hao wa ziada mara nyingi wana maelezo ya kweli: makadirio ya idadi ya watu yalitokana na sensa ya zamani, au kina mama wa wilaya jirani wanavuka kuja kuchanja kwetu kwa sababu ni karibu. Lakini kama kuna mtu angekuwa anaitumia namba hiyo kuamua chanjo zipelekwe wapi na ngapi, angekwishainua simu kuuliza. Asilimia 108 iliyokaa kwenye mfumo mwaka mzima bila mtu kuiuliza inatuambia zaidi kuhusu ofisi zetu kuliko kuhusu watoto.

Najua kuna wasomaji, hasa wenzangu wa ngazi za mkoa na taifa, wanaosema kituo cha kijijini hakiwezi kuona picha yote, na kwamba uamuzi mkubwa hufanywa juu. Nakubali kabisa, na ushahidi mkubwa kuliko wote ninaoufahamu unatoka kwetu. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya na shirika la Canada la utafiti wa maendeleo, IDRC, waliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadadisi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki na alikuwa na dalili gani kabla ya kufa, wakiwamo wale waliofia nyumbani ambao hakuna rejesta ya hospitali ingewaona. Takwimu hizo ziligeuzwa kuwa michoro rahisi ya nguzo ambayo timu ya afya ya wilaya ingeweza kuielewa kwa kuitazama. Pembeni yake uliwekwa mchoro wa bajeti.

Hapo mambo yakaonekana. Malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa kama asilimia 5. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kwa makusudi kuipuuza malaria. Mipango ilikuwa ikinakiliwa kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, na fedha zikifuata matakwa ya miradi ya wafadhili. Wilaya zilipewa nyongeza ndogo ya fedha, isiyozidi dola mbili kwa kila mkazi kwa mwaka, pamoja na uhuru wa kuzielekeza zenyewe. Zikaongeza nguvu kwenye malaria na kwenye mafunzo ya kumtibu mtoto kwa kumwangalia mzima badala ya ugonjwa mmoja mmoja. Ndani ya miaka mitano hivi vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Si sifa yote ni ya michoro. Vyandarua vilikuwa vinasambaa, dawa zilikuwa zinabadilishwa, na mtafiti makini atakuambia ni vigumu kutenga mchango wa kila kimoja. Ila ninachokitaka hapa ni mpangilio wake. Takwimu za TEHIP zilikuwa nyingi na za gharama kubwa, tena zilikusanywa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo, si muuguzi aliyeacha kliniki. Na tangu mwanzo zilikuwa na mahali pa kwenda: kikao cha bajeti cha wilaya. Wingi wa takwimu haukuwa kosa, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeshika kalamu ya fedha akizisubiri.

Kuna hoja nyingine ambayo siwezi kuipita. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko watasema, tukisubiri mpaka tujue uamuzi ndipo tuulize, siku ugonjwa mpya unapoingia tutakuwa vipofu. Machi 2023 virusi vya Marburg vilipothibitishwa Kagera, kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, haikuwepo fomu yenye safu ya Marburg iliyokuwa ikijazwa kila siku. Sahihi. Lakini mfumo wa tahadhari ndio wenye mstari wa hatua ulio wazi kuliko mifumo yote. Mhudumu anaagizwa akiona vifo visivyoeleweka vya watu wa familia moja atoe taarifa mara moja, na anayepokea taarifa hiyo anajua ni nani wa kupigiwa, sampuli inakwenda maabara gani na nani anatengwa. Namba hizo zinaweza kukaa kwenye sifuri miaka kumi na zikawa na thamani kila siku ya miaka hiyo kumi, kwa sababu siku zinapopanda kila mtu anajua pa kukimbilia. Sizungumzii hizo. Nazungumzia zile ambazo hata zikipanda mara tatu hakuna simu itakayopigwa.

Vivyo hivyo taarifa za vifo vya uzazi. Utaratibu wetu unataka kila kifo cha mama kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kijadiliwe kituoni ndani ya siku saba, na fomu inamalizika kwa mpango wa utekelezaji: nini kifanyike, nani atafanya, lini. Ni fomu ndefu na inauma kuijaza, lakini sijawahi kusikia mkunga makini akisema ifutwe. Wanachosema ni kwamba kifo cha mwezi wa tatu kiliandikwa “damu haikuwepo”, mpango ukawa “kuhakikisha damu inapatikana”, jina la mhusika likawa “uongozi”, na mwezi wa saba kuna mama mwingine na sentensi ile ile. Uongozi si jina la mtu. Andikeni Dk fulani, mfamasia fulani, ofisa maabara fulani, na tarehe.

Ningependa kuona Wizara na TAMISEMI wakiweka sharti dogo: hakuna fomu wala ombi jipya la takwimu linalofika kituoni bila mstari mmoja juu kabisa unaosema, “Takwimu hizi zitatumika kuamua…”, likifuatiwa na cheo cha mwamuzi na tarehe ambayo kituo kitarudishiwa matokeo. Miradi ya wafadhili isisamehewe. Hao ndio wenye fomu nyingi kuliko wote, na kila mradi una namna yake ya kugawa umri. Kama takwimu inayotakiwa tayari imo kwenye MTUHA au kwenye mfumo wa DHIS2, ambao halmashauri zetu zimekuwa zikiingizia taarifa kwa zaidi ya miaka kumi sasa, mwombaji aichukue huko badala ya kumrudisha muuguzi kwenye daftari. Na mara moja kwa mwaka timu ya afya ya halmashauri ikae na vitabu vyote mezani, ipitie safu moja baada ya nyingine na kuuliza ni uamuzi gani wa mwaka jana ulitokana na safu hii. Zisizo na jibu miaka miwili mfululizo zipendekezwe zifutwe. Nafahamu kufuta ni kugumu kuliko kuongeza. Kila safu ina mwenyewe mahali fulani, na mwenyewe huyo huwa na cheo.

Kwa upande wa vituo, kuna jambo lililobadilika ambalo wengi bado hawajalitumia ipasavyo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, zahanati zikiwamo, na kamati ya usimamizi wa kituo yenye wananchi ndani yake inashiriki kupitisha mpango wa matumizi. Maana yake mganga mfawidhi wa zahanati sasa ni mwamuzi, japo wa fedha ndogo. Anaweza kuzitumia takwimu zake mwenyewe bila kusubiri mtu wa wilayani azisome. Akiona wajawazito wanaoanza kliniki ni wengi lakini wanaojifungulia kituoni ni nusu yao, hahitaji ripoti kutoka Dodoma. Anahitaji kujua kama kinachowazuia ni umbali, ni mazoea, au ni kwamba usiku hakuna taa kwenye chumba cha kujifungulia. Kisha anakwenda kwenye kamati na pendekezo la kununua taa.

Wewe msomaji, kama ni mjumbe wa kamati hiyo au unamfahamu mjumbe, kwenye ukuta wa ofisi ya mfawidhi pengine pamebandikwa grafu ya mahudhurio au ya chanjo, imechorwa kwa rula na kalamu za rangi. Katika kikao kijacho muombeni aishushe iwekwe mezani. Tafuteni mwezi ambao mstari ulishuka, halafu muulizane mwezi ule nani alifanya nini, na kama hakuna aliyefanya kitu, bajeti ya robo inayokuja itenge kiasi gani.